Wasia wa mzee mwenye nyumba bila ardhi

Ndugu, umeuliza kama babako, Muislamu wa Majengo, aweza kumuusia mkewe nyumba yote. Halitasimama, isipokuwa warithi wengine waridhie. Mke ni mrithi, ana fungu lake. Wasia ni wa wasiorithi, tena usizidi thuluthi ya kinachobaki baada ya mazishi na madeni. Akitaka kumzidishia, ampe hiba, yaani zawadi, sasa, akiwa mzima, na amkabidhi kweli mbele ya mashahidi. Hiba ya kwenye ugonjwa wa mauti huhesabiwa kama wasia.

Nyumba bila ardhi haina hatimiliki, na hapo ndipo watoto huvurugana: wanachorithi ni jengo tu, kiwanja si chao. Wekeni pamoja hati ya mauziano na risiti zote za kodi ya kiwanja. Malimbikizo mlipe mapema.

Madeni yaandikwe: jina, kiasi, tarehe. Mahari ambayo hajamaliza kumlipa mama nayo ni deni (husahaulika sana hilo!). Kwenye Sacco, kagueni jina la aliyeteuliwa kupokea akiba yake akifa. Pengine ni la mtu aliyekwisha kufa.

Mirathi itafunguliwa kwa Kadhi, wahusika wote wakiwa Waislamu na wakikubali.