Kwa dada aliyeambiwa mikataba ya kimataifa haifiki kijijini

Dada, umeuliza mikataba ya kimataifa inamsaidia nini mwanamke anayepigwa na mumewe, na mmoja wa waliokujibu amesema hizo ni karatasi za Geneva. Hata mimi nilidhani hivyo miaka yote niliyokaa kwa mume. Nauza mitumba Malaba, upande wa Uganda.

Nilipopigwa mara ya kwanza nilikwenda kwa mwenyekiti wa LC 1, yaani baraza la kijiji. Akamtoza mume wangu jogoo, mimi akaniambia mke mwenye akili hatoi siri ya chumbani. Mara ya pili nikaenda polisi, askari akaniuliza nimemkosea nini mwenzangu. Mara ya tatu nikakimbilia kwa baba. Baba alikuwa na neno moja tu: ng'ombe. Mahari yangu ilikuwa ng'ombe watano, na wawili walishauzwa kwa karo ya kaka yangu. Basi nikarudi nilikotoka.

Aliyenitoa gizani ni mama mmoja msaidizi wa sheria aliyekuwa akipita sokoni. Alisema Uganda iliridhia mwaka 1985 ule mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake. Ajabu ni kwamba mkataba wenyewe hauna kifungu kinachotaja kipigo cha mume. Kamati inayousimamia ndiyo iliyotamka mwaka 1992, katika Pendekezo la Jumla namba 19, kwamba ukatili huo nao ni ubaguzi. Maana yake serikali haiwezi tena kujitetea kwamba aliyepiga ni mume, si yenyewe. Ikiacha kuzuia, kuchunguza na kuadhibu, nayo ina lawama. Yule askari aliyeniuliza nimekosa nini, kumbe naye alikuwa ndani ya kesi yangu!

Itifaki ya Maputo, yaani mkataba wa Afrika wa haki za wanawake, ambayo Uganda iliiridhia mwaka 2010, inahesabu hata madhara ya kiuchumi. Mume wangu alikuwa akichukua hela ya mauzo kila jioni, nami nikidhani huo ni ubahili tu.

Lakini usiende kwa hakimu ukamsomee Maputo. Nenda na Sheria ya Ukatili wa Majumbani ya mwaka huohuo wa 2010. Ndani yake kuna kipigo, matusi, vitisho, na kunyang'anywa hela pia. Omba amri ya ulinzi. Hakimu anaweza kutoa ya muda hata kabla mume hajaitwa. Yangu ilimkataza kukanyaga nyumbani na kibandani kwangu. Sheria hiyo pia inaruhusu mahakama ya LC isikilize mambo haya na kupatanisha, na hapo mimi sikubaliani nayo kabisa. Mwenyekiti wetu na mume wangu mirija yao ilikuwa katika chungu kimoja cha malwa, pombe ya ulezi; angenipatanisha na nani?

Sasa ng'ombe, maana najua ndio wanaokuzuia. Shirika la MIFUMI la Tororo lilipeleka suala la mahari mahakamani, likafika hadi Mahakama ya Juu kabisa. Agosti 2015 majaji wakaamua kwamba mahari yenyewe si haramu, ila kudai irudishwe ndipo ndoa ivunjike ni kinyume cha Katiba. Nilimweleza baba. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza kama majaji hao wana mabinti. Nikamjibu sijui. Akasema, "Lazima wanao." Habari ya ng'ombe hakuigusa tena.

Umeandika kwamba kipigo cha mwisho kilikuwa Jumapili. Kama bado hujachukua fomu namba 3 ya polisi, kesho asubuhi iwe safari yako ya kwanza, daktari akuandikie kabla alama hazijafifia. Fomu hiyo ni bure. Ukiombwa hela, omba kuonana na mkuu wa kituo. Toa nakala mbili, moja iache kwa mtu asiyekaa nyumbani kwako. Yangu ilikaa kwa muuza mandazi.