湯 ni supu au maji moto?
Herufi hii ya Kichina, kwa Wachina wa leo ni supu, kwa Wajapani ni maji moto. Wajapani hawakukosea, "maji moto" ndiyo maana ya kale. Kamusi ya Kichina ya Shuowen Jiezi, ya takriban mwaka 100, inaieleza 湯 hivyo hivyo: maji ya moto, basi. Supu ilikuja baadaye, hukohuko China, na maana ya zamani bado imo kwenye msemo wao 赴湯蹈火, kuyaingia maji yanayochemka na kukanyaga moto. Wakorea, ambao 湯 huisoma "tang", wanazo maana zote mbili: samgyetang ni supu ya kuku, mokyoktang ni bafu la umma. Kwa hiyo ukiiona kwenye pazia la mlangoni Japani usitafute kijiko, humo watu wanaoga. Ila China bara siku hizi inaandikwa kwa kufupishwa: 汤.