Mwili mzima unauma na vipimo havioni kitu

Pole sana dada. Umeandika kuwa miezi 8 mwili mzima unauma, unaamka umechoka kuliko ulivyolala, na hapo Ujiji umepima malaria na taifodi mara tatu bila kuonekana kitu. Najua huigizi. Nami niliambiwa ni mawazo tu, hadi daktari mmoja akataja fibromayalgia, ugonjwa wa maumivu ya muda mrefu ya mwili mzima.

Hakuna kipimo cha damu kinachoithibitisha. Daktari husikiliza maelezo (maumivu yaliyoenea kwa miezi 3 au zaidi, uchovu, usingizi usioburudisha), kisha hupima yanayofanana nayo: upungufu wa damu, tezi ya shingo, baridi yabisi. Nenda Maweni, hospitali ya rufaa ya mkoa hapo Kigoma, omba kumwona daktari wa magonjwa ya ndani, na ubebe daftari la wiki mbili: wapi paliuma, ulilalaje.

Hizo sindano za diklofenaki (dawa ya maumivu) unazochomwa kila wiki acha, dada yangu. Zinaumiza tumbo na figo, na kwa ugonjwa huu hazisaidii sana. Mimi daktari alinipa amitriptilini kidogo usiku, dawa ya kutuliza maumivu na kusaidia usingizi, lakini kilichonibadilisha ni kutembea: dakika 10 kila jioni, nikaongeza polepole. Siku ukijisikia vizuri usichote maji ndoo zote, kesho yake utashindwa kuinuka.

Kiungo kikivimba, ukipata homa, ukikonda au miguu ikiisha nguvu, usingoje, wahi hospitali.