Nyota akiondoka Mbeya, uliza kwanza ameondokaje

Mleta uzi, pole kwanza. Umeandika kwamba winga wa Mbeya City uliyekuwa ukimpenda ameondoka dirisha dogo la usajili kwenda timu ya Dar, mdogo wako amevua jezi ya zambarau na kuapa haivai tena, na wewe mwenyewe unafikiria kubaki nyumbani uwe unaangalia mechi za wakubwa kwenye king'amuzi. Ukauliza na jambo la mwisho: siku akirudi uwanja wetu wa Sokoine na jezi mpya, azomewe? Wakuu wawili watatu wamekujibu "mpira ni biashara, zoea". Siafiki. Klabu inafanya biashara, wakala anafanya biashara, mchezaji yuko kazini. Lakini mama anayeuza viazi soko la Mwanjelwa akatoa sehemu ya mauzo kulipa kiingilio hana biashara yoyote pale jukwaani. Anapenda tu. Na mtu anayependa haponi kwa kuambiwa azoee.

Mimi nina meza ya mitumba hapohapo Mwanjelwa, na nipo na Mbeya City tangu ipande Ligi Kuu. Wengi humu ni vijana, ule msimu wa 2013/14 mnausikia tu, kwa hiyo nieleze kidogo. Timu ilianzishwa na Halmashauri ya Jiji mwaka 2011, ikapanda, na msimu wake wa kwanza tu ikamaliza ya 3 chini ya kocha Juma Mwambusi, nyuma ya Azam na Yanga, mbele ya Simba. Azam walikuja kukamilisha ubingwa wao hapa Sokoine, Aprili 2014, kwa kutufunga 2-1. Niliumia, lakini nilitoka uwanjani kifua mbele, maana bingwa wa nchi alilazimika kuja kumalizia kazi kwetu. Mwaka ule tulikuwa tunajaza Coaster na kuifuata timu mikoani, wengine wameomba ruhusa kazini, wengine hawakuomba.

Kisha ukafika 2015. Deus Kaseke akaenda Yanga, Peter Mwalyanzi akaenda Simba, na baadaye Mwambusi mwenyewe akahamia benchi la Yanga. Mtaani kwetu watoto walikuwa wanagombania kuitwa Kaseke wanapocheza chandimu. Ghafla jina lile likawa la timu nyingine. Najua unavyojisikia.

Kuna kitu watu wa Dar hawakielewi kuhusu maumivu yetu. Jukwaa la Sokoine lina watu wenye mapenzi mawili. Jirani yako aliyeshangilia nawe wiki iliyopita, Yanga ikija Mbeya anatoa jezi ya njano na kijani kabatini, na Simba ikija mwingine anatoa nyekundu. Kwa hiyo nyota wenu akisajiliwa na mmoja wa hao wakubwa, nusu ya jukwaa inafurahi. Wewe una msiba, mwenzako wa benchi moja ana sherehe, na anakuambia "si bado tutamwona?" Hiyo ndiyo sehemu inayokata. Linganisha na Januari 2019, Eliud Ambokile alipotoka Mbeya City kwenda Black Leopards ya Afrika Kusini, halafu mwaka huohuo akaenda TP Mazembe. Yule alikuwa anatufungia mabao kwelikweli, na pengo lake lilionekana wazi. Lakini sikusikia mtu Mwanjelwa akimlaani. Tulikuwa tunaulizana asubuhi kama jana alicheza. Alikwenda mbali, hakuna aliyejifanya kwamba ni wake zaidi yetu, na hatukuwa na mechi ya kukutana naye akiwa adui. Kwa hiyo ukihisi uchungu wako ni mkubwa kuliko kitu chenyewe, ujue hauombolezi winga peke yake. Unaumizwa pia na wenzako wa jukwaani, na hilo linatibika kwa kuwa na kundi la watu ambao Mbeya ni timu yao ya kwanza. Wapo. Watafute.

Sasa nije kwenye kichwa cha habari. Jirani yangu wa meza ni mzee mzaliwa wa Tukuyu. Yeye aliiona Tukuyu Stars, Banyambala, ikipanda daraja na kutwaa ubingwa wa Bara mwaka 1986 kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Mwaka ule wa 2015 tulipokuwa tunalalamika, alituuliza maswali mawili tu: wameondoka wangapi kwa mpigo, na klabu imebaki na nini mkononi? Tangu hapo kila dirisha nauliza hivyohivyo, na nimeona yanaeleza mengi kuliko jina la aliyeondoka.

Chukua Lipuli ya Iringa. Adam Salamba alipokwenda Simba mwaka 2018, ndugu zetu wa Iringa waliona dunia imekwisha. Msimu uliofuata, bila yeye, Wanapaluhengo, kama Lipuli wanavyoitwa, waliifunga Yanga 2-0 pale uwanja wa Samora kwenye nusu fainali ya Kombe la Shirikisho, Mei 2019, mabao ya Daruwesh Saliboko na Paul Nonga, wakafika fainali na kufungwa 1-0 na Azam mjini Lindi. Ukiniuliza ni lini nimeona furaha kubwa kuliko zote Nyanda za Juu Kusini baada ya ile yetu ya 2014, nitakutajia jioni ile ya Samora. Nilikuwepo, na sikuwa na deni lolote la kuwashangilia. Lakini baada ya fainali hawakuondoka mmoja mmoja. Kocha Selemani Matola akaondoka, na wengine wakafuata. Mwaka 2020 Lipuli ikashuka. Timu iliyostahimili kuondokewa na straika wake haikustahimili kuondokewa na uti wa mgongo.

Swali la pili la mzee ni la mkataba. Mchezaji akibakiza miezi 6 au pungufu, sheria zinamruhusu kuzungumza na klabu nyingine na kusaini nayo mapema, na mkataba ukiisha anaondoka bila klabu kupata hata shilingi. Klabu nyingi za mikoani zinatoa mikataba mifupi, na sababu inaeleweka: kiongozi anaogopa kujifunga mshahara wa miaka 3 wakati hajui kama mwakani atakuwa Ligi Kuu. Lakini kwa kijana wa miaka 19 anayeonekana wazi kwamba ana kitu, mkataba mfupi ni kumpeleka Dar kwa nauli yako mwenyewe. Hasira yako ipeleke huko. Akiuzwa akiwa na mkataba, timu imepata hela ya kusajili wawili na kulipa mishahara ya wengine; akiondoka bure, hapo una haki ya kupiga kelele. Na kwa Mbeya City kelele zina mahali pa kupigwa, kwa sababu timu imetokana na halmashauri. Diwani wa kata yako anakuja kuomba kura. Muulize mikataba ya vijana inaisha lini. Sisi wa tawi letu tumekuwa tukiuliza, na huwa tunajibiwa tukiwa wengi.

Hapo hapo kuna jambo la usajili wa watoto ambalo mashabiki wengi hawalifahamu. Kwa kanuni za FIFA, mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kwa ada, asilimia 5 ya ada hiyo hugawanywa kwa klabu zilizomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23. Maana yake kijana aliyekwenda Dar, akiuzwa nje baadaye, klabu yake ya Mbeya inaweza kupata fungu kwa ile miaka aliyoichezea, ilimradi usajili wake wa utotoni uliandikwa vizuri. Ndiyo maana mimi sifurahii kabisa kuona vijana wanacheza msimu mzima wakiwa hawajasajiliwa popote. Kadi ya mtoto wa miaka 14 inaweza kuja kununua mipira na jezi za wadogo zake.

Majirani zetu wa hapahapa Mbeya, Tanzania Prisons, wana njia yao. Ile ni timu ya magereza, na mchezaji anaweza kupata ajira ya askari, yenye mshahara hata baada ya kustaafu mpira. Ndiyo maana uliwaona akina Jeremiah Juma na Salum Kimenya wakikaa miaka mingi. Hata hivyo Beno Kakolanya aliondoka 2016 kwenda Yanga, na Edwin Balua aliondoka Januari 2024 kwenda Simba. Hakuna ukuta usiorukwa, lakini wenzetu angalau wana kitu cha kumshawishi mtu abaki.

Kabla hujaamua kubaki na king'amuzi, fikiria watu wa Mbarali. Novemba 2022 timu yao ya Ihefu, Mbogo Maji, iliifunga Yanga 2-1 pale uwanja wa Highland Estates, Ubaruku, na kukata mfululizo wa Yanga wa mechi 49 za ligi bila kupoteza. Oktoba 2023 wakaifunga tena 2-1 palepale. Nchi nzima ilijifunza Ubaruku iko wapi. Msimu huohuo haujaisha, timu ikahamia Singida, na baadaye ikabadilishwa jina kuwa Singida Black Stars. Nina rafiki anayeleta mchele Mwanjelwa kutoka kule. Yeye hakuondokewa na winga, aliondokewa na timu. Hana benchi la kwenda kukaa na wenzake, hana mtu wa kumlaumu wala wa kumsamehe. Siku za mechi kubwa anakuja Mbeya anakaa nasi, na tunamkaribisha, lakini anavyokaa kimya unajua kwamba hayuko kwao. Sisi tulishuka 2023 baada ya kufungwa na Mashujaa kwenye mechi za mchujo, tukakaa Championship, daraja la chini ya Ligi Kuu, misimu miwili, tukarudi Ligi Kuu 2025. Ilikuwa ngumu, mechi nyingine jukwaa lilikuwa na watu wa kuhesabika. Lakini timu ilikuwepo, Sokoine, na tulikuwa na pa kwenda.

Kuhusu mdogo wako, usimlazimishe kuvaa jezi. Mpeleke kwenye mazoezi, au kwenye mechi za vijana chini ya miaka 20. Baada ya 2015 tawi letu lilikubaliana kuwa jezi za watoto hatuandiki jina la mchezaji mgongoni. Tunaandika la mtoto mwenyewe. Wengine waliona ni jambo dogo, mimi naona ni katika mambo mazuri tuliyowahi kufanya. Na tunapenda kuwapeleka mechi za mchangani, Iyunga, Uyole, popote, kwa sababu mtoto aliyemwona kiungo akiwa bado anacheza na viatu vya kuazima anakuwa na mtu wake kabla hajaonekana kwenye televisheni. Nyota akiondoka, yeye tayari anamjua anayefuata. Mechi ya kwanza bila winga wenu usiikose wewe na yeye. Kuna kijana atapewa ile nafasi, atakuwa anatetemeka, na akipoteza mpira wa kwanza atasikia jukwaa linaguna jina la aliyeondoka. Nendeni mkamshangilie huyo.

Na kuzomea? Mimi nasema hapana, ila simlazimishi mtu kupiga makofi. Kijana ana miaka michache ya kucheza, ana wazazi Kyela au Vwawa wanaomtegemea, na mshahara aliopewa Dar hapa hakuna wa kumpa. Akitangazwa kwenye kikosi cha wageni, mimi huwa nasimama na kupiga makofi mpaka jina lipite, kisha nakaa. Filimbi ikipulizwa namtaka beki wetu amkabe mpaka aombe kutolewa. Akitufunga asishangilie mbele ya jukwaa letu, hilo namwomba. Na mechi ikiisha, akija kusalimia kwenye uzio, mdogo wako amruhusu amshike mkono.

Jumamosi tunakutana Kabwe saa 7 mchana kabla ya kuelekea Sokoine. Njooni wote wawili, mwulizeni yeyote mwenye skafu ya zambarau.