Jibu: Kumbukumbu za mwaka wa misheni ugenini

Bwana asifiwe, mpendwa. Umeuliza ni kumbukumbu ipi inayotujia kwanza tuliokwenda misheni nje ya nchi mwaka mzima. Mimi ni Nepal, tena ibada ya Jumamosi. Kule Jumamosi ndiyo siku ya mapumziko, kwa hiyo makanisa mengi hukusanyika siku hiyo. Viatu vinaachwa mlangoni, lundo zima, kisha mnaketi sakafuni, wanaume upande huu na wanawake upande ule. Yakianza maombi, kila mtu anaomba kwa sauti, wote kwa pamoja. Sikuambulia kitu, ila amina niliitika kwa nguvu zote! Bibi mmoja aliyeketi kando yangu alinishika mkono mpaka ibada ikaisha, wala hatukuwa na lugha ya kuelewana. Sheria ya huko inakataza kumbadili mtu dini, hivyo mikutano ya hadhara hatukufanya. Tuliwatembelea waumini na kuwatia moyo.

Halafu Kambodia, kwenye vijiji vinavyoelea vya ziwa Tonle Sap. Jaribu kufundisha watoto wimbo wakati sakafu inayumba kila boti ikipita. Wao hata hawatikisiki, mwalimu ndiye anayetafuta pa kushika.

Viwanja vya ndege na mabasi ya usiku sina hamu navyo. Kama unajiandaa kwenda, nunua daftari uandike kila jioni, hata mistari mitatu. Picha ninazo tele, lakini majina ya watu na mahitaji tuliyoyaombea nayakuta daftarini tu. Unaondoka lini?