Usifunge mnyororo kwenye gololi ya trela! (Jibu kwa anayeandaa gari kwa msafara wa porini)

Mkuu, hapana. Hapana kabisa. Umeandika kwamba mnakwenda magari 12 ya 4x4, utabeba mnyororo wa mita 5, na gari likikwama "tutalivuta tu" kwa kuufunga kwenye gololi ya trela, lile tufe la chuma lililo nyuma ya bampa. Halafu ukauliza habari za matairi, kompresa, winchi (ile mashine ya kuvuta kwa waya inayofungwa kwenye bampa), redio za mkononi na shemeji ambaye ndiyo kwanza anajifunza njia mbovu. Huko nitafika nikikumbuka. Tuanze na hiyo gololi, kwa sababu hiyo ndiyo inayong'oa vichwa vya watu.

Gololi ya trela imetengenezwa ivute trela, basi. Hata ikiwa imegongwa muhuri wa kilo 3,500, hizo ni kilo za trela lenye magurudumu yake, linaloondoka taratibu kwenye njia ngumu. Gari lililokalia chasisi kwenye tope halitembei, limenyonywa. Shingo ya gololi ni nyembamba kuliko kichwa chake, na mzigo wa kushtukiza unaikata hapo hapo shingoni. Haipindi kwanza ikakupa taarifa. Ikishakatika, kile kilichokuwa kimevutika kinairudisha kama jiwe la manati, moja kwa moja kuelekea gari la pili, usawa wa kioo. Watu wamekufa hivyo wakiwa wamekaa vitini mwao na mikanda wamefunga.

Ndiyo, na mimi nilifunga hapo hapo. Chekeni, kioo cha nyuma kilishabadilishwa na kichwa changu bado kipo, ingawa wapo wanaodai hakikuwa na kitu cha kupotea. Kinachoniuma hadi leo ni yule muuza vifaa aliyeniambia "hiyo ni tani tatu na nusu, kwani gari lako lina tani ngapi?" Swali la kijanja sana. Ukilisikia unajiona wewe ndiye mjinga. Jibu lake ni kwamba uzito wa gari na mvuto wa kulinasua ni vitu viwili mbali mbali, na mtu anayeuza mikanda ya kuvutia bila kujua hilo angeuza mito tu.

Piga hesabu na wewe. Gari la kilo 2,500 linakuja kuvuta kwa kilomita 15 kwa saa, mwendo wa mtu anayekimbia kweli. Limebeba nishati ya kama kilojuli 22. Ukifunga mnyororo, ambao hauvutiki, gari hilo linasimamishwa ndani ya sentimita chache. Tuseme 10, kwa kulihurumia. Wastani wa mvuto hapo ni kama tani 22. Sasa weka mkanda wa nailoni wa mita 9, unaokatika kwenye tani 8 na kuvutika kama asilimia 20. Mwendo ule ule utaunyoosha kama mita moja, na kilele cha mvuto kitafika tani 4 na nusu hivi endapo lililokwama halikusogea kabisa. Afadhali, siyo? Lakini hata hizo 4 na nusu zimeshapita kile kilichoandikwa kwenye gololi. Kwa hiyo usije ukanijibu "basi nitanunua mkanda mzuri nifunge pale pale." Na dereva anayevuta akipandwa na mori akaja na kilomita 30, kilele kinakuwa tani 9 kwenye mkanda wa 8.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja: lala chini, uzione bolti. Usipoziona, usifunge.

Maana yake hii. Ukilala chini ya bampa ya mbele kuna uwezekano mkubwa utaona kitanzi cha chuma chembamba, mara nyingi kimeshikwa na bolti moja. Hicho kiliwekwa ili gari lifungwe lisihame likiwa kwenye meli au mgongoni mwa lori. Kina umbo la kuvutia, kipo mahali pa kuvutia, na ndiyo maana kinadanganya wengi. Pita. Ile ndoano inayokaa kwenye mfuko wa zana, unayoikaza kwa kuizungusha kwenye tundu la bampa, ni ya kupandishia gari bovu kwenye lori taratibu. Pita pia. Ekseli, mikono ya stearingi, springi: usiguse, utarudi nyumbani na gari lenye miguu minne inayotazama pande nne.

Unachotafuta ni bamba nene au ndoano nzito iliyofungwa kwenye reli ya chasisi yenyewe, kwa bolti mbili au zaidi, na kichwa cha bolti kimeandikwa 8.8 au 10.9. Bolti isiyo na namba kichwani ni ya kufungia kibao cha namba ya gari. Kama una bampa ya chuma ya kubadilisha yenye macho (matundu ya kufungia) mawili makubwa yaliyopakwa rangi nyekundu, usishangilie rangi. Fuata chuma kwa kidole hadi chasisi. Jicho likiwa limechomelewa kwenye bampa, na bampa yenyewe inashikwa na bolti nne ndogo, utavuta bampa na kuliacha gari. Angalia pia kutu na nyufa kuzunguka matundu. Ufa mwembamba unaonekana ukisugua tope kwa brashi ya waya, hauonekani kwa tochi ya simu ukiwa umechuchumaa kwa sababu hutaki kuchafua shati.

Nyuma, kama gololi yako inakaa kwenye mkono unaochomoka katika bomba la pembe nne, una bahati. Chomoa mkono pamoja na gololi, ingiza kipande kinene cha chuma kilichotengenezwa kwa kukwamulia, chenye tundu la pingu (kile kiungo cha umbo la U kinachofungwa kwa pini), kisha urudishe pini. Kabla ya hapo hakikisha bomba lenyewe limefungwa kwenye reli zote mbili za chasisi, kushoto na kulia. Wapo wanaoingiza kitanzi cha mkanda ndani ya bomba na kupitisha pini katikati. Pini ya milimita 16 ikishapinda humo ndani haitoki bila msumeno, na kingo za bomba zinakata nyuzi za mkanda kidogo kidogo huku unatazama.

Mbele tumia macho yote mawili kwa mkanda mfupi wa kugawanya mzigo, ili usiipinde chasisi upande mmoja. Lakini mkanda huo uwe mrefu wa kutosha. Pembe kati ya miguu yake miwili ikiwa nyuzi 60, kila mguu unabeba kama asilimia 58 ya mvuto. Ikifika 120, kila mguu unabeba mvuto mzima, kwa hiyo hujagawanya chochote, umejisumbua tu.

Mkanda wenyewe: nailoni, unaovutika. Nguvu yake ya kukatika iwe mara mbili hadi tatu ya uzito wa gari jepesi kati ya mawili, likiwa na mizigo na watu. Gari la kilo 3,000 likishapakiwa linataka kati ya tani 6 na 9, kwa hiyo ule wa tani 8 unafaa. Usikimbilie wa tani 15 ukidhani mkubwa ndiyo salama. Mnene mno hauvutiki, na usiovutika ni mnyororo uliovaa nguo. Ukiloa unaweza kupoteza hadi sehemu moja kwa tano ya nguvu yake. Baada ya mivuto miwili mitatu mfululizo unapata joto na kubaki umenyooka, upumzishe. Ukirudi, ufue kwa maji matupu uanike kivulini, maana chembe za mchanga ndani ya nyuzi ni visu. Ule wa polista wa kuzungushia mti, au wa kufungia mizigo, siyo huu hata kama rangi inafanana. Haunyooki.

Pingu za chuma ziwe na maandishi ya mzigo salama, WLL, yamegongwa kwenye mwili wake. Ya tani 4.75, pini ya milimita 22, ndiyo inayokaa kwenye macho mengi ya magari haya. Kaza pini hadi mwisho, kisha irudishe robo mzunguko, la sivyo baada ya mvuto mkali hutaifungua kwa mkono. Isiyo na maandishi itupe mbali. Siyo kabatini, maana siku moja mtu ataikuta. Na usiunganishe mikanda miwili kwa pingu katikati. Ukikatika mmoja, kilo nzima ya chuma inaruka. Pitisha kitanzi ndani ya kitanzi, weka gazeti lililokunjwa katikati ili vitanzi visibanane. Pingu za kamba, zilizosukwa badala ya chuma, ni nzuri zaidi kwa sababu ni nyepesi, ila zinataka jicho la mviringo laini. Kingo kali zinazikata.

Siku yenyewe, kabla injini hata moja haijawashwa, mkuu wa msafara apite na kila gari alale chini. Mbele na nyuma. Gari lisilo na mahali pa kufungia libaki na wanaochoma nyama. Watanuna. Wanune.

Na gari likikwama, mkanda ndiyo wa mwisho kutoka kwenye buti. Beleshi kwanza. Chimba mbele ya kila tairi upande unaotokea, na toa udongo uliogusa difu na chasisi, maana tumbo likikaa chini unavuta gari na ardhi pamoja. Punguza upepo wa matairi, weka mbao za kukanyagia, jaribu tena. Mara nyingi linatoka lenyewe na mnabaki mkitazamana. Likigoma, livute kurudi lilikotoka, kwa sababu huko njia unaijua. Tandaza mkanda kwa umbo la S, uachie mita mbili tatu za kulegea, weka begi zito au blanketi lililolowa katikati yake. Madereva wawili tu ndani ya magari. Wengine wote wasimame pembeni, mbali angalau mara moja na nusu ya urefu wa mkanda, asiwepo mtu kwenye mstari wa mvuto, na asiruke mtu mkanda uliofungwa hata kama hauna mvuto. Wanaopiga video wanaruka sana. Anayetoa ishara ni mmoja, na mikono yake inaonekana na wote wawili. Gia nzito, ya kwanza au ya pili. Anayevuta anaondoka kama anayetembea haraka. Aliyekwama anasaidia kwa gesi ndogo, vidole gumba nje ya usukani, kwa sababu tairi likigonga mzizi usukani unazunguka na kuvivunja. Likitoka, honi moja, wote wanasimama.

Mivuto miwili haikutosha? Rudi kwenye beleshi. Usiongeze mwendo. Hapo ndipo kila mtu anapoongeza mwendo, na hapo ndipo vitu vinapokatika. Mimi najua.

Winchi, haraka haraka: nguvu yake iwe angalau mara moja na nusu ya uzito wa gari lililopakiwa, na ukumbuke namba iliyoandikwa ni ya safu ya kwanza ya waya, ile ya chini kabisa kwenye ngoma inayouzungusha. Kamba ikiwa imejaa juu, nguvu imeshuka. Usiishie na mizunguko pungufu ya mitano ya waya kwenye ngoma. Na winchi nzuri kwenye bampa iliyoshikwa na bolti mbovu, tumeshaongea.

Matairi: mchanga, shuka hadi psi 16 au 18. Miamba 18 hadi 20, tope 20 hivi. Ukishapunguza, punguza mwendo na usikate kona ghafla, tairi litatoka kwenye rimu. Jaza tena kabla ya lami. Kompresa ifunge moja kwa moja kwenye betri, maana tundu la kiberiti cha gari fyuzi yake ni ndogo na itakufa kwenye tairi la pili.

Shemeji aendeshe, mbona. Akae katikati ya msafara, nyuma ya mtu mtulivu, ila asiwe ndiye anayevuta hadi aone mivuto mitano ya wengine. Na asivutwe na mtu anayesema "twende na speed."

Redio sijui ulitaka kujua nini, nimeshasahau, wengine watakujibu. Wewe nenda sasa hivi kalale chini ya gari, piga picha mbele na nyuma, vichwa vya bolti visomeke, uziweke hapa. Na huo mnyororo ufungie mbwa.