Barua kwa mwanangu: Jiko limebomolewa, na bado nafuma

Marahaba mwanangu,

Swali lako la juzi kwenye simu nililijibu nusu, kwa sababu fundi aliwasha grenda, ile mashine ya kukatia tiles, na wewe ukabaki unasema "haloo, haloo". Uliuliza hivi: nyumba imegeuka saiti, jiko halipo, Krismasi iko mlangoni, na mimi kutwa niko barazani na sindano, kwa nini nisiache kufuma mwaka huu, mkanunua zawadi Kariakoo mkapanda nazo? Halafu ukaongeza, kwa sauti ya mtu anayesingizia utani, kwamba kofia uliyomwanzia mtoto imekushinda, kila ukikatizwa unapotea. Nakujibu kwa maandishi, maana simu na grenda haviivi chungu kimoja.

Hali yenyewe ni hii. Baba yako aliamua jiko liwe jipya kabla hamjaja kuhesabiwa, yaani kabla hamjapanda nyumbani kwa Krismasi. Sinki limeng'olewa, kabati za zamani ziko uani zimefunikwa turubai, friji iko sebuleni ubavuni mwa televisheni, na ukitaka chumvi unaitafuta kwenye boksi la vitabu vyenu vya sekondari. Tunapika uani kwa jiko la mkaa. Machalari, ndizi zetu za nyama, hayajalalamika. Anayelalamika ni baba yako, ambaye chai inamfikia saa nne, na ninamkumbusha kila siku kwamba mwenye mradi ni yeye.

Sasa kufuma. Mwanangu, mafundi wakiwa ndani ya nyumba lazima mtu akae nao. Ukikaa mikono mitupu unaonekana unawachunga, na wao wanaanza kufanya kazi ya kuonyesha. Ukiondoka, unarudi unakuta tiles zimepanda ukutani na huna habari nyuma yake kuna nini. Mimi nikiwa na sindano niko kwenye kazi yangu na wao wako kwenye yao, na kofia haihitaji macho yangu muda wote. Macho yanakwenda ninakotaka.

Na sindano hizi za chuma zimenifaa kuliko nilivyotegemea. Wiki iliyopita fundi alimaliza ukuta wa upande wa dirisha, akanawa, akaniita nione. Kwa macho ulikuwa umenyooka vizuri. Nikasogea, nikaanza kugonga kila tile kwa ncha ya sindano, taratibu, kona na katikati. Iliyoshika vizuri inatoa sauti fupi, nzito. Nyingine zilikuwa zinalia tupu, kama debe. Maana yake ameweka donge la udongo wa saruji katikati na vidonge vinne kwenye kona, hakuutandaza nyuma yote. Tile ya namna hiyo ukiigonga na sufuria inapasuka, na kwenye kona ya sinki maji yanajificha mle ndani. Saidia fundi alikuwa wa kwanza kucheka. Zilibanduliwa siku ile ile, udongo ukiwa bado mbichi. Zingelala mpaka asubuhi tungezivunja. Hakuna aliyesema mama mwenye nyumba ana kisirani, maana nilirudi kwenye kiti nikaendelea na mstari wangu.

Kuhusu kununua, sikatai. Mjukuu mleteeni viatu, hivyo siwezi kuvifuma. Lakini usiniambie Desemba ni joto kwa hiyo sweta haina kazi. Hapa Moshi mjini ndiyo, tunatoka jasho. Bibi yako yuko juu Kibosho, usiku ukiingia anavuta kigoda motoni hata mwezi wa kumi na mbili, na ukifika mwezi wa saba wingu linakaa kwenye mgomba na haliondoki. Zawadi ya Krismasi ya kwetu huwa ni ya Julai. Ilikuwa hivyo tangu nikiwa binti.

Aliyenifundisha ni yeye huyo bibi yako, miaka ya mwanzo ya 1980, vita vya Kagera vimekwisha na maduka hayana kitu. Mwaka 1983, Waziri Mkuu Sokoine alipokuwa anawasaka wahujumu uchumi, hata sabuni ilikuwa ya foleni, uzi wa sufu ungeutoa wapi? Tulifumua. Sweta ya mkubwa ikimbana inafumuliwa, sehemu za viwiko zilizolika zinatupwa, inafumwa upya ya mdogo wake, na uzi ukipunguka mikono inamaliziwa kwa rangi nyingine. Sindano zilikuwa spoki za baiskeli zilizonolewa kwenye jiwe. Mjomba wako ana picha amevaa sweta ya mikono miwili isiyofanana, na amekataza isionyeshwe kwa wakwe.

Ndiyo maana ukinipeleka soko la Memorial kwenye mitumba mimi siangalii nguo, naangalia uzi. Na mwaka huu, pesa yote ikiwa imeingia kwenye saruji na mbao za kabati, zawadi karibu zote zimetoka huko. Hili nalieleza kwa kirefu kwa sababu najua utalijaribu.

Geuza sweta ndani nje, tazama mshono wa ubavuni. Kama kila kipande kilifumwa kwa umbo lake kisha vikaunganishwa kwa uzi, nunua. Utafumua kuanzia shingoni na uzi utakuja mmoja mrefu. Kama kitambaa kilikatwa kwa mkasi kikapigwa ovaloki, iache hata rangi ikikuita kwa jina. Kila mstari umeshakatika pembeni, utaambulia vipande. Iache pia ile iliyowahi kufuliwa kwa maji ya moto ikaganda, haifumuki, labda uikate soli za ndani za viatu. Halafu omba ruhusa ya muuzaji, chomoa nyuzi mbili tatu kwenye pindo, ziwashe kwa kiberiti. Sufu inanuka nywele zilizoungua, moto unajizimia, na jivu linasagika vidoleni. Akriliki inayeyuka, inaacha kidonge kigumu cheusi. Akriliki sina ugomvi nayo, kwa nguo ya mtoto inayofuliwa kila siku ni nzuri. Lakini bibi anakaa motoni, na kitu kinachoyeyuka sitaki kikae mwilini mwake cheche ikiruka. Yake ni sufu tupu.

Uzi ukishafumuliwa unakuwa na mawimbi. Uzungushe kwenye mgongo wa kiti, ufunge sehemu kadhaa kwa uzi wa pamba usivurugike, uloweke kwenye maji ya baridi yenye shampuu kidogo, usuuze bila kusugua, kisha uutundike kivulini na kijiti kizito kidogo kwa chini. Ukikauka umenyooka. Mimi nilitundika bafuni, maana nje kulikuwa na vumbi la tiles.

Vumbi hilo ndilo adui wa kweli, siyo kelele. Vumbi la saruji lina ukali unaokula sufu, na likikutana na maji linashika. Uzi ukipata vumbi la saruji usikimbilie kuufua. Ukung'ute kwanza ukiwa mkavu, ndipo uusuuze kwa maji mengi ya baridi yenye siki kidogo. Ila afadhali usilifikie hilo. Nilichukua ndoo ya rangi ya lita 20 waliyoimaliza mafundi, nikaisugua mpaka ikanuka sabuni, nikatoboa kifuniko kwa msumari wa moto na kulainisha ukingo wa tundu. Bonge la uzi liko ndani, uzi unatoka juu. Grenda ikiwashwa natoka kabisa, na kazi naitumbukiza ndani nzima nzima. Hapo simwangalii fundi yeyote. Vumbi la kukatia tiles linaumiza mapafu, na nilimnunulia yule saidia fundi barakoa baada ya kumwona amejifunga fulana puani.

Haya, kukatizwa. Wewe shida yako siyo kukatizwa, ni kofia uliyochagua. Hiyo ya maua na misuko inataka mtu aliyekaa peke yake. Nyumba ikiwa na vurugu fuma kitu ambacho mstari wake mmoja unajieleza ukiutazama. Mimi nafuma vitanzi viwili mbele, viwili nyuma, mwanzo hadi mwisho. Nikiitwa kuhesabu mifuko ya saruji nikirudi natazama tu vitanzi vilivyotangulia, najua niko wapi.

Usiache katikati ya mstari kama unaweza. Maliza kwanza, hata fundi bomba akiita mara mbili. Ikibidi kuacha katikati, ukirudi hakikisha uzi unaotoka kwenye bonge uko sindano ya mkono wa kulia, la sivyo utafuma kurudi ulikotoka na kutoboa tundu. Kabla sijaweka kazi chini napitisha uzi wa pamba wa rangi nyingine ndani ya vitanzi vyote kwa sindano ya kushonea. Hata mtoto wa jirani akichomoa sindano, na alishaichomoa, vitanzi vinabaki vimesimama kwenye ule uzi. Na hesabu ya mistari usiiweke kichwani. Nina kamba mfukoni, kila mistari kumi fundo moja.

Ya mtoto ifumue uanze upya. Fuma kwanza kipande kidogo cha mraba, pima sentimita 10 katikati yake, hesabu vitanzi. Kichwa cha mtu mzima kinazunguka kama sentimita 56, na kofia inatakiwa iwe pungufu kama tano au sita ili ishike. Vikiwa vitanzi 20 kwa kila sentimita 10, basi ya sentimita 50 ni 100, ongeza viwili vya kushonea ubavu. Ya mtoto hesabu ni hiyo hiyo, pima tu kichwa chake kwanza, na akiwa amelala maana namjua.

Bibi yako shali yake imekwisha. Shangazi yako soksi moja iko tayari, ya pili iko kwenye ndoo. Dada yako aliomba vitambaa vya makochi, nimemwambia hivyo ni vya kroshia na vyeupe, na kitu cheupe hakiingii nyumba hii mpaka grauti ya kuziba kati ya tiles ikauke. Atapata Pasaka. Fundi anasema anakabidhi jiko Jumamosi. Jumamosi ipi, hakusema.

Kilichobaki ni kofia ya mume wako. Mpime kwa futi ya fundi cherehani, juu kidogo ya masikio, usikaze, nitumie namba kwa meseji. Na ukipita Kariakoo niletee mabonge mawili ya uzi wa kijivu, wa sufu. Soma ile karatasi inayozunguka bonge, kuna namba ya mkupuo wa rangi, yaani nyuzi zilizotiwa rangi kwa pamoja. Hakikisha zote mbili zinafanana, hata kama muuzaji anakuapia kwamba kijivu ni kijivu.

Mama yako